Mungu Mwenye Kofia ya Pama

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mapema ili msidhani anayeandika ni mtu wa kutikiswa na upepo. Nimekaa chini ya ardhi ya Geita miaka kumi na saba. Nimeona jiwe kubwa kuliko nyumba ya nyapara likishuka polepole kama mama mjamzito anayeketi mkekani. Nimeona Mzungu mwenye bunduki analia kwa sababu ya jino. Nimeona dhahabu imefichwa mahali ambapo sitapataja, maana na mabinti zenu watasoma. Sikushangaa. Jambo moja tu katika maisha yangu lilinishangaza, nalo halikutokea shimoni. Nitalifikia.

Nyinyi vijana wa genge la nguzo mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla kifua hakijanikatalia vumbi. Elimu yangu ni darasa la pili, na hilo la pili nililiacha kabla halijaisha. Maandishi haya ni yangu mwenyewe. Binti yangu Kulwa amenisahihishia herufi kubwa na nukta, na mara mbili amenikatalia neno. Habari za mshahara na vyeo sitaandika. Cheo changu mnakijua: hakuna mtu kati ya Geita na Shinyanga aliyesimamisha nguzo za kuzuia mwamba zilizonyooka kama zangu, na anayebisha ateremke akazitazame, bado zimesimama.

Nilifika wakati wa vita vya Hitler, kwa miguu kutoka Samuye, na mfuko wa michembe, vile viazi vilivyokaushwa, begani. Michembe ilikwisha siku moja kabla sijafika, kwa hiyo nilipofika getini nilikuwa mwepesi sana. Nyapara alinitazama mikono, akanitazama magoti, akanisukumia kwa mzee mmoja mfupi aliyekuwa amekaa juu ya rundo la magogo akinoa shoka. Huyo ndiye Mzee Sefu, mtu wa Tabora, Mwislamu wa swala tano, fundi mkuu wa nguzo. Yeye ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, isipokuwa kiburi, ambacho nilikwenda nacho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jina?"

"Maganga."

"Unaogopa giza, Maganga?"

"Siogopi kitu chochote."

"Basi hunifai," akasema, akaendelea kunoa. "Asiyeogopa nitamzika mimi, na mgongo wangu hauwezi tena kuchimba makaburi."

"Naogopa njaa," nikasema.

Akacheka mpaka shoka likamponyoka. "Haya, beba gogo hilo. Tukitoka utakula ugali wangu."

Sasa sikilizeni kazi, maana wengine wenu mnaifanya kama watu wanaojenga zizi la mbuzi. Baruti ikishalipuka na moshi ukishatoka, wa kwanza kuingia si mchimbaji wala msukuma toroli. Ni mtu wa nguzo, na taa yake ya kabaidi, na mtaimbo. Anagonga mwamba wa juu kabla hajaweka hata kijiti. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba uliopasuka kwa ndani huitika kama debe tupu. Mtoto mdogo anaweza kujua hilo. Lakini Mzee Sefu alinipiga kofi siku ya pili kwa sababu nilikuwa nagonga mbiombio, ngo ngo ngo, kama karani anayepiga mihuri.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Kengele."

"Umesikia mtaimbo. Sauti ya kwanza ni ya chuma chako mwenyewe. Gonga, halafu ngoja. Ya pili ndiyo ya jiwe."

Nilichukua miezi mitatu kuisikia hiyo ya pili. Nilipoisikia, hakuna aliyenishinda. Nikapewa genge langu la watu wanane, na nikawa nawachagua asubuhi kwa kuwazunguka, nikiwatazama magoti na mabega, na fimbo mkononi. Mwenye kikohozi, kando. Mwenye kuchechemea, kando. Mzee Sefu alinitazama siku moja akasema, "Unachagua watu kama mnunuzi wa mnadani." Niliona amenisifu. Niliinua fimbo juu zaidi.

Katika miaka hiyo nilibatizwa, nikawa Lameki. Kambini palikuwa na kanisa la miti na nyasi, na mwalimu wa kanisa aliitwa Anania, mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya kukodoa kama anayetafuta sindano. Nilikuwa Mkristo hodari. Palikuwa na kipande, mnakijua: kila siku ya kazi nyapara anatia alama, alama thelathini zikitimia unalipwa, ukikosa siku umejikosesha mwenyewe. Mimi niliamini Mungu naye ana kipande changu. Jumapili nikiwa zamu shimoni, Jumapili inayofuata nilikaa kanisani ibada zote mbili ili kufidia. Mwalimu Anania akaniambia, "Baba Lameki, ibada haina saa za ziada." Nilicheka, lakini nilikaa. Sadaka yangu niliiweka juu juu kwenye kikapu, ionekane. Sikuwa najionyesha kwa watu. Nilitaka Yule aione, asije akasema hakuiona.

Nikaoa hapo hapo. Ester binti Luhende, mtu wa Ibadakuli, alikuja Geita kumfuata dada yake aliyekuwa akipika pombe. Ester hakupika pombe, alishona. Tukafungishwa ndoa na Mwalimu, tukapewa cheti chenye mhuri, nikakiwekea fremu. Mahari sikutoa. Baba yake, Mzee Luhende, alituma mtu kuuliza. Nikamjibu, "Mwambie mkwe wangu mimi sinunui mtu, kwa sababu na mimi hakuna aliyeninunua. Nimejitengeneza mwenyewe." Yule mjumbe alikunywa chai yangu, akaondoka, akarudisha maneno hayo kama yalivyo. Ester aliniambia, "Nenda ukaongee na baba. Wazee hawasahau." Nikasema nitakwenda mvua zikikatika. Mvua zilikatika mara kumi.

Miaka hiyo hiyo Mwalimu Anania alinishika kwa jambo moja. Sauti yangu mnaijua. Shimoni nilikuwa naita watu wa ngazi ya tatu bila kupiga chuma. Siku moja baada ya ibada akaja tukakaa juu ya magogo yangu.

"Lameki, kila Jumapili tukisali ile sala ya Bwana, nakusikia unaingia kwenye 'uliye mbinguni'. Maneno ya kwanza huyasemi."

"Labda husikii vizuri, Mwalimu."

"Wewe nisikusikie? Hata ng'ombe wa kijiji cha pili wanakusikia."

Ni kweli. Maneno hayo mawili ya mwanzo, yale ya kumwita Baba, nilikuwa nayaruka tangu siku ya ubatizo. Nilingoja wenzangu wapite, halafu nikaingia. Sikudhani kuna anayejua.

"Mimi sina baba," nikamwambia. "Nimwite nani?"

"Kila mtu ana baba."

Basi nikamwambia, kwa mara ya kwanza, na ninyi nawaambia, maana bila hilo mengine hamtayaelewa. Mama yangu alizaliwa Samuye, na baba yangu alikuwa mtu wa upande wa Kishapu. Hakumtolea ng'ombe. Na kwetu Usukumani, ambao si watu wa huko mjue, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa babu yake mzaa mama. Baba akimtaka, aje amkomboe. Sisi tulikuwa wawili, dada yangu Kabula na mimi. Nilikuwa na miaka kama minane hivi, nimetoka kwenye ugonjwa, tumbo kubwa, miguu kama vijiti vya kibiriti. Siku hiyo akaja mtu amevaa kofia ya pama, ile pana ya rangi ya udongo, akiswaga ng'ombe. Tukaambiwa, simameni, baba yenu huyo. Nikafurahi. Nikajipaka mafuta ya mama magotini.

Akatuzunguka na fimbo. Akamtazama Kabula mikono, akamtazama meno. Kabula alikuwa msichana mwenye afya, na msichana ataleta ng'ombe. Halafu akafika kwangu. Kofia ilikuwa imekinga jua, sikuona uso, niliona kidevu tu. Akasema kumwambia babu, "Huyu mwacheni. Atamaliza maziwa bure." Akatoa ng'ombe wa Kabula, akamchukua Kabula, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nachora mistari vumbini kwa kidole cha mguu. Sikulia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: sikulia, wala siku hiyo wala siku nyingine.

Mwalimu Anania akauliza, "Ukifumba macho kuomba, unamwona nani?"

"Simwoni mtu."

"Lameki."

"Namwona amevaa kofia ya pama," nikasema, na nikakasirika kwamba nimesema. "Ana fimbo. Ananizunguka. Kila siku ananizunguka, Mwalimu, na mimi kila siku najipaka mafuta. Ulitaka nikuambie hivyo? Haya, nimekuambia. Nina kazi."

"Huyo si Mungu," akasema taratibu. "Huyo ni mtu wa Kishapu. Umemvika Mungu kofia yake."

"Basi mwambie aivue," nikasema, nikachukua shoka langu nikaondoka. Niliona nimemjibu jibu la kiume kabisa.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu. Palikuwa na mtu katika genge langu aliyeitwa Mahona, Msumbwa, mpenda utani, anayeimba akipiga kabari. Asubuhi moja niligonga mwamba mimi mwenyewe. Nikangoja, nikasikia sauti ya pili, safi. Nikamwambia Mahona aingie. Alikuwa anainua nguzo ya pili jiwe liliposhuka. Lilikuwa zima kabisa kwa chini. Ufa ulikuwa juu, mbali, mahali ambapo baruti ya wiki nyingi nyuma ilizidishwa. Mtaimbo hauwezi kufika huko. Hata Mzee Sefu alikuja akagonga vilivyobaki, akasema, "Hili lingeniua na mimi." Mahona aliishi siku mbili. Siku ya pili aliniambia, "Mkubwa, usiniandikie sikuhudhuria kazini." Alikuwa anatania.

Nyinyi mngesema, ajali. Mimi nilikwenda nikakaa peke yangu nikatafuta kosa. Nikalipata: Jumapili iliyopita sikuwa kanisani, nilikwenda kuuza baiskeli, moja ya biashara zangu ndogo. Nikasema, ameniona. Amekata.

Ester alikuwa amenizalia pacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume. Mwaka uliofuata, wakiwa na miaka mitatu, Doto alipata homa ya siku nne. Homa ilipotoka ilitoka na mguu wake wa kushoto. Haukuondoka mwilini, bali ulikauka, ukabaki ukining'inia kama kamba. Ester alilia, akamkanda kwa mafuta, akamfunga vijiti, akambeba. Mimi nilitazama ule mguu nikaona risiti. Mahona hakutosha, nikasema. Amekuja kuchukua salio. Na tangu hapo, naandika kwa aibu, sikuweza kumtazama Doto kwa muda mrefu. Kulwa nilimbeba mabegani. Doto nilimletea vitu. Nilimchongea gongo zuri la mninga, hakuna mtoto kambini aliyekuwa na gongo kama lile, likiwa na kipini kilichonyooka na kiatu cha chuma chini. Nilimpa huku natazama pembeni. Akasema, "Asante, baba," na yeye akitazama pembeni. Watoto wanajifunza haraka.

Mzee Sefu ndiye aliyeona. Alikuwa ameshaacha kazi, anakaa kibandani kwake anauza kahawa, na Doto alikuwa akichechemea mpaka huko kumsikiliza. "Mwanao ana masikio," akaniambia. "Nampa mtaimbo anagonga mawe ya kibanda, ananiambia lipi zima na lipi bovu. Hakosei. Umewahi kumsikiliza?"

"Mguu ule shimoni hauendi."

"Nimekuuliza habari za masikio, wewe unanijibu habari za mguu," akasema, akanimiminia kahawa.

Miaka ikaenda. Doto na Kulwa wakiwa na miaka kumi, Ester akashikwa na homa ya masika, akafa siku ya sita. Nitaandika hilo tu. Kulwa ameniomba nisiandike zaidi, na mimi siwezi.

Matanga yalipokwisha, akaja Mzee Luhende. Alikuja mchana, na wakwe zake wawili, amevaa shuka safi. Nikamtolea kiti, nikapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Akakaa, akanywa maji, akamlilia binti yake kama mzazi, kweli alilia. Halafu akapangusa uso akasema, "Sasa, mkwe, nimekuja kuchukua watoto wangu."

"Watoto gani, baba?"

"Wa Ester."

Nikacheka. Niliingia ndani nikatoa cheti cha ndoa pamoja na fremu yake, nikamwekea magotini. "Mzee, soma mhuri huo."

"Mimi sisomi. Nani anasoma?"

Mwalimu Anania alikuwepo, na Mzee Sefu. Niliwaita wote wawili kwenye matanga, na walikuwa hawajaondoka. Mwalimu akasoma. Luhende akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akasema, "Vizuri. Karatasi hiyo inasema Ester alikuwa mke wako. Haisemi watoto ni wa nani. Ulitoa ng'ombe wangapi?"

Nikakiondoa cheti magotini mwake.

"Ulisema hununui mtu," akasema. "Nilipewa maneno yako yote. Mimi sikuja kugombana. Nimengoja miaka kumi na miwili."

"Nitakwenda barazani kushitaki!"

Mzee Sefu akanikamata mkono. "Lameki mwanangu, ukienda barazani asubuhi utakuwa umeshindwa kabla ya saa sita. Hii sheria ya kwenu unaijua kuliko mimi. Si ndiyo iliyokulea?"

Ndiyo iliyonilea. Hapo, jamani, ndipo nilipoona nimefanya nini. Mimi, Maganga, mtoto ambaye hakutolewa ng'ombe, nilikuwa nimezaa watoto wawili nikawaacha vile vile nilivyoachwa, kwa kiburi tu, na fremu ukutani. Nilidhani nimemkimbia yule mtu wa Kishapu. Nilikuwa nimevaa kofia yake miaka kumi na miwili, na inanienea.

"Nitawakomboa," nikasema. "Taja."

Luhende akawaita watoto wasogee. Wakaja, Kulwa ameshika mkono wa mwenzake. Mzee alikuwa mtu wa kawaida, msimwone mbaya. Alifanya kama wazee wanavyofanya. Akamtazama Kulwa mabega, akamuuliza kama anajua kusaga, akaridhika. "Huyu ng'ombe sita," akasema. "Ni bei ya ndugu. Mwingine angesema kumi."

"Nimekubali. Na wa pili?"

Akamtazama Doto, akatazama mguu, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Huyu? Huyu baki naye tu. Sina haja naye. Bure."

Mmoja wa wakwe zake akacheka. Akasema, "Gongo lake ndilo lenye bei."

Sasa nitawaambia ukweli, maana nilianza kwa majigambo na haitakuwa haki nikiuficha. Moyo wangu ulifurahi. Nilisema kimoyomoyo, Lameki una bahati, umepata wawili kwa bei ya mmoja. Mimi ni mfanyabiashara, nimezoea kufurahi bei ikishuka. Furaha hiyo ilidumu kama muda wa kupiga chafya.

Halafu nikamtazama Doto. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa kidole cha ule mguu mzima alikuwa anachora mistari vumbini. Mstari, kisha mstari, kisha mstari.

Nilijua mistari ile. Nilijua ina idadi gani na itakoma lini, na kwamba haikomi. Na nikajua kwamba nikisema "asante, mzee", mtoto huyu atakuwa mtu mzima hodari, atajenga nyumba ya bati, atajisifu kwa watu, na atakaporuka yale maneno mawili ya sala hakuna atakayemuuliza kwa nini.

"Taja bei," nikamwambia Luhende.

"Nimesema bure."

"Nimesikia. Taja bei."

"Una wazimu, mkwe? Nakupa bure!"

Mzee Sefu akanikanyaga mguu. "Funga mdomo," akaninong'oneza. "Umeshapewa."

"Sitaki kupewa," nikasema, na ile sauti yangu ikatoka yote, mpaka majirani wakachungulia. "Walizaliwa siku moja, tumbo moja. Huyu ni ng'ombe sita, na huyu ni ng'ombe sita. Sitamchukua mwanangu kama kitu kilichoachwa njiani. Pokea ng'ombe wake, mbele ya mashahidi hawa, ili siku yoyote mtu akimwambia, wewe uliachwa tu, yeye amjibu, baba alinitolea sawa na mwenzangu."

Yule mkwe aliyecheka alitazama chini. Mwisho Luhende akasema kwa Kisukuma, polepole, kwamba katika umri wake hajawahi kuona mtu anayekataa kupunguziwa. "Lakini mimi nitakataaje ng'ombe?" akasema. "Sita na sita. Shahidi huyu na huyu."

Doto alikuwa ameinua kichwa. "Baba," akasema, "na mimi pia?"

"Na wewe pia."

"Hata na mguu?"

"Hata na mguu. Wako watatangulia kwenda, kisha wa Kulwa."

"Kwa nini wa kwake watangulie?" akauliza Kulwa, ndiyo tabia yake, na watu wakacheka, na mimi nikapata nafasi ya kugeuka nikapangusa uso. Niliandika kwamba sikulia siku hiyo wala siku nyingine. Kulwa amelipigia mstari neno hilo, ananiambia nilirekebishe. Nimeliacha makusudi. Hapa ndipo ninapolirekebisha.

Hilo ndilo lililonishangaza. Si Luhende. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kutaka kulipa, kwa nguvu, kwa kukasirika, kwa ajili ya mtoto ambaye hatamrudishia hata ndama, na kwamba mtu huyo ni mimi. Usiku ule Mwalimu hakunihubiria. Alisema jambo moja tu akiaga mlangoni: "Lameki, wewe ni mtu mkorofi, na umefanya hivyo. Unafikiri Yeye ni mbaya kuliko wewe?" Akaenda zake.

Nimelifikiria swali hilo shimoni miaka miwili, mpaka siku niliyorudisha taa nikaacha kazi. Miaka yote nilikuwa nagonga na kusikia chuma changu mwenyewe: mtu wa Kishapu, kofia, fimbo, maziwa. Nilidhani ndiyo sauti ya Mungu kwa sababu ilikuwa ya kwanza na ilikuwa kubwa. Sikungoja ya pili. Mahona aliuawa na baruti iliyozidishwa. Doto alipatwa na homa. Hapakuwa na kipande. Sijui kwa nini Mungu aliacha mambo hayo yatokee, na sitajifanya najua. Lakini kutokujua si sawa na kuona fimbo. Wapo kati yenu waliopigwa na baba, waliofiwa na mama wangali wananyonya, waliofukuzwa na mjomba. Mkiona mnamwogopa Mungu kwa namna ambayo hamuwezi hata kumtazama, jiulizeni kwanza amevaa kofia ya nani.

Msidhani nimepona kabisa. Zipo asubuhi nafumba macho, na kofia ipo. Naingoja ipite. Jumapili baada ya Luhende kuondoka, nilikaa kanisani kati ya Kulwa na Doto. Sala ilipoanza niliingia na wenzangu, pale mwanzo kabisa, maneno yote mawili, kwa sauti ndogo ambayo sijui niliitoa wapi. Mwalimu Anania aligeuza shingo. Hakusema kitu. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa mahubiri yake yote, na mengine yalikuwa marefu.

Ng'ombe nilikwenda kuwanunua mwenyewe mnadani Shinyanga. Niliuza bati za nyumba ya pili, baiskeli, na ile cherehani ya Ester, ambayo Kulwa alikubali iuzwe baada ya siku tatu za kununa, na tangu hapo nimemnunulia nyingine. Doto nilikwenda naye. Alikaa juu ya ukuta wa mnada na gongo lake, na kila ng'ombe niliyemgusa alikuwa akitikisa kichwa kukataa au akikiinamisha kukubali, na nilimsikiliza. Tuliwaswaga mpaka Ibadakuli, wa Doto wakiwa mbele. Leo ana kazi kwa fundi saa mjini. Anasikiliza saa, anajua iliko kasoro kabla hajaifungua.

Ng'ombe wa Kulwa sitawatajia bei. Hao nilidaiwa, kila mtu hulipa deni. Lakini wa Doto, ambaye nilikuwa nimepewa bure, nilihesabu mara mbili mbele yake, naye akahesabu baada yangu: majike watano, dume mmoja, kamba sita, na ushuru wa mnada, jumla shilingi mia saba na kumi na mbili na senti hamsini.